Televisheni ya Kabati: Tuitengeneze au Tununue Mpya?



Katika ukumbi wetu wa mikutano, hapa Rubavu, si mbali na mto Sebeya, kuna televisheni ya kabati. Wazee hawana haja ya kuelezwa. Lakini vijana waliozaliwa wakakuta televisheni nyembamba zikitundikwa ukutani kama kalenda, nawaeleza: ni sanduku la mbao lenye miguu minne mifupi, upana wake unakaribia mita moja, uzito wake ni wa kubebwa na wanaume wanne. Kioo kimetokeza mbele kama tumbo la mtu aliyeshiba. Chini ya kioo ziko spika mbili zilizofunikwa kwa kitambaa cha kahawia. Majumbani watu huweka juu yake kitambaa cha kufuma na chombo cha maua. Sisi tumeweka juu yake daftari la michango.

Kiangazi kilichopita, jioni ya mpira, ukumbi umejaa, televisheni hiyo ilitoa mlio mdogo na picha ikajikunja. Ukabaki mstari mmoja mweupe, mwembamba, katikati ya kioo, kutoka kushoto mpaka kulia. Sauti ya mtangazaji iliendelea vilevile. Watu walikaa dakika nzima wakiutazama ule mstari, mpaka mzee mmoja mstaafu akauliza, "Sasa mpira umeingia au haukuingia?" Tulicheka, lakini baada ya kicheko likaja swali ambalo lilituchukua wiki tatu kulimaliza: tuitengeneze, au tununue mpya?

Naandika habari hii kwa sababu najua swali hilo halipo katika ukumbi wetu peke yake. Lipo katika nyumba nyingi za wafanyakazi, kwenye vilabu na kwenye vinyozi. Tena naandika kwa sababu katika jambo hili mimi nilikosea, na ni heri mkosaji aseme mwenyewe kabla hajasemewa.

KOSA LA MRATIBU

Kesho yake asubuhi, kabla sijauliza mtu yeyote, nilikwenda mjini kwenye duka moja la vyombo vya umeme. Vijana walikuwa wamenisukuma usiku ule. "Ndugu mratibu, tele hii ni ya wakati wa babu zetu, inatuaibisha." Nami nikaona hapa ndipo mratibu anapoonyesha kwamba chama kinafanya kazi. Mwenye duka alinionyesha televisheni ya inchi 43. Bei ya taslimu ilikuwa faranga 280,000. Kwa mkopo, tungetanguliza 80,000, halafu 60,000 kila mwezi kwa miezi minne. Nikamwambia aniwekee. Sikutia sahihi, namshukuru Mungu, lakini neno la mratibu wa chama ni kama sahihi.

Niliporudi nilimweleza mama mweka hazina wetu. Mama huyo hapandishi sauti. Alifungua daftari lile lililokuwa juu ya televisheni, akanigeuzia ukurasa nijisomee mwenyewe. Sanduku lilikuwa na faranga 146,000. Fedha zile ni za ugonjwa na misiba, ndivyo tulivyoandika siku tulipoanza kuchanga. Na wiki ile ile mwenzetu wa kitengo cha kupakia mizigo alikuwa amelala na mguu uliovunjika, na mkewe alikuwa ameahidiwa msaada.

"Ndugu mratibu," aliniuliza, "hizo 80,000 utamnyang'anya nani?"

Halafu akapiga hesabu ambayo mimi sikuipiga pale dukani: 80,000 na mara nne 60,000 ni 320,000. Yaani kwa kukosa taslimu tungelipa faranga 40,000 zaidi kwa kitu kile kile. Sisi ambao kila siku tunawaonya wanachama juu ya madeni ya mshahara! Nilijiona mdogo. Akaniambia, "Kabla hujazika, mwite daktari." Tukamwita fundi.

SETI HII IMETOKA WAPI

Nisimame kidogo hapa, kwa maana vijana wengi waliosema inatuaibisha hawajui habari zake.

Nchi yetu ilichelewa kupata televisheni. Kenya ilianza matangazo mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Rwanda ilianza mwaka 1992. Kwa hiyo seti ya kabati katika mji wetu ilikuwa kitu cha wageni na matajiri. Wazee wetu waliinunua hii mwaka 1998, mwaka wa Kombe la Dunia kule Ufaransa, ikiwa imekwishatumika, kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake arudi Ulaya. Walichanga kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Miaka ile watu walikuwa wametoka katika msiba usiosemeka, nyumba nyingi zilikuwa hazina hata redio, na kukaa pamoja usiku katika chumba chenye taa lilikuwa jambo kubwa kuliko mpira wenyewe. Baadhi ya waliochanga hawapo tena. Majina yao yamo katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Tangu hapo seti hiyo imepata majaribu matatu.

La kwanza lilikuwa mwaka 2014, nchi yetu ilipozima mitambo ya zamani ya analogia na kuhamia dijitali. Watu wengi waliambiwa, "Tele yako imekufa, nunua nyingine." Haikuwa kweli. Televisheni haikufa, ila ilikuwa haijui lugha mpya na ilihitaji mkalimani. Mkalimani huyo ni king'amuzi, ambacho hapa mpakani tunakiita dekoda. Tabu yetu ilikuwa moja. Dekoda inatoa picha na sauti kwa nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, na kabati letu nyuma lina tundu la antena tu. Fundi alitupa njia ambayo nawapa na ninyi bure: tafuteni deki ya zamani ya kanda za video. Dekoda ingieni nayo kwenye deki, halafu kutoka kwenye deki pitisheni waya wa antena mpaka kwenye televisheni, na mtafute picha ya deki, ambayo mara nyingi huwa karibu na chaneli ya 36. Deki hata kama haichezi kanda tena, kazi hiyo inaiweza. Nasikia watu wengi walitupa deki zao. Wamepoteza.

Kuna jambo jingine linalowasumbua watu wa mpakani wenye seti zilizopita mikono mingi. Seti iliyotengenezwa kwa mfumo wa Kifaransa wa SECAM, ukiipa picha ya mfumo wa PAL, itaonyesha nyeusi na nyeupe tu. Mtu anadhani rangi zimeungua, anaanza kubadilishiwa vipuri asivyovihitaji. Kwanza tazameni kibao cha nyuma. Hapo hapo tazameni na volti, kwa maana seti ya Marekani hutaka volti 110, na ukiichomeka katika umeme wetu wa 220 bila transfoma utaona moshi kabla ya picha.

Jaribu la pili lilikuwa Mei 2021. Tarehe 22 Nyiragongo ililipuka, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo, kuta zikapasuka huku kwetu na ng'ambo Goma. Tulikuta kabati limesogea kiasi cha kiganja kutoka mahali pake. Tangu siku zile ikawa mara nyingine picha inaruka, na ukipiga ubavuni inatulia. Sisi tukawa tunapiga. Nitarudi kwenye kupiga huko.

La tatu wote mnalijua. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 Sebeya ilitoka kitandani mwake, na katika mvua ya usiku ule watu zaidi ya 130 walikufa nchini. Katika ukumbi wetu maji ya matope yalifika kwenye miguu ya kabati na kuloweka ubao wa chini. Tulikuwa na maiti za kuzika na nyumba za kuondoa matope, nani angeikumbuka televisheni? Lakini baada ya wiki kadhaa wastaafu wawili waliitoa juani, wakaifuta, wakaiacha ikauke kabisa siku nyingi kabla ya kuiwasha. Ndiyo maana haikuungua. Chombo kilicholowa huuawa na mtu mwenye haraka ya kukijaribu.

FUNDI ANAFUNGUA

Fundi wetu ana umri uliopita miaka 60. Anafanya kazi katika baraza ya duka huko Mbugangari, na ufundi wake aliupata akiwa kijana kwa kukaa miaka mingi miguuni pa mafundi wa Goma. Hana cheti. Ana mita moja, bisibisi zilizofungwa vishikio kwa mpira, chuma cha kuchomelea na miwani iliyofungwa uzi. Amezungukwa na mizoga ya televisheni za zamani kama mchinjaji na pembe za ng'ombe. Mizoga ile ndiyo ghala lake la vipuri.

Hakuanza kwa kufungua. Alianza kwa kuuliza, kama daktari mzuri. Sauti ipo? Ipo. Mstari umelala au umesimama? Umelala. Zamani ilikuwa ukipiga inatulia? Ndiyo. Mkiwasha asubuhi, picha inakuja baada ya muda gani? Hapo tulitazamana. Mama mweka hazina akasema, "Kama dakika nne, na mwanzoni ni giza giza."

Fundi akatingisha kichwa, akatueleza, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa.

Picha ya televisheni ya zamani huchorwa na mshale wa umeme unaotoka katika shingo ya chupa ya picha, ule mkebe mkubwa wa kioo. Mshale huo unapelekwa kulia na kushoto na sehemu moja ya mitambo, na unapelekwa juu na chini na sehemu nyingine. Mstari ukilala maana yake wa kulia na kushoto anafanya kazi, ila wa juu na chini amegoma. Kwa kawaida mgomo huo una sababu ndogo: kiungo cha risasi kilichopasuka, kapasita iliyokauka, au kile kidude cheusi chenye miguu mingi mafundi wanachokiita aisii. Vyote hivyo ni vya bei ndogo. Alikadiria faranga 15,000, na kwamba kama itazidi atasimama na kutuuliza.

Na kule kupiga ubavuni? Alitukaripia. Mtetemeko wa 2021 ulikuwa umepasua kiungo, na kila tulipopiga tulikuwa tunaupanua ufa. "Kazi ya faranga elfu tatu mmeifuga miaka mpaka imekuwa ya kumi na tano," alisema.

Lakini hakutuficha la pili. Zile dakika nne ni dalili kwamba chupa ya picha yenyewe imechoka. Hiyo haitengenezwi. Viwanda vikubwa vimeacha kuzitengeneza siku nyingi. Hata Sony, waliokuwa na sifa ya chupa ya Trinitron tangu 1968, waliacha mwaka 2008. Ukitaka chupa unaitoa katika mzoga, nayo ni nzee kama yako. Kipuri cha pili ambacho kikifa anamshauri mtu asihangaike ni ile transfoma ya umeme mkubwa, flaibeki, isipokuwa kama umebahatika kumpata mzoga wa ukoo ule ule. "Viungo na kapasita, tengenezeni," alisema. "Chupa au flaibeki, msinilipe, nunueni nyingine."

Nimewahi kukaa mezani na waajiri wengi na wataalamu wao, wachache sana wamewahi kuniambia mahali ambapo fedha yangu isiwafikie.

Kijana mmoja alimwuliza kwa nini basi tusinunue hizi mpya ambazo haziharibiki. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Alisema siku hizi sehemu kubwa ya kazi yake ni hizo hizo nyembamba: taa za ndani zimeungua, unasikia sauti lakini kioo ni cheusi. Hilo anaweza kulitengeneza. Lakini mtoto akirusha kiatu kikapiga kioo, basi tena, maana kioo peke yake bei yake hukaribia televisheni nzima. Kabati letu limepigwa na mpira wa watoto mara ngapi? Kioo chake kinene kama cha dirisha la benki.

HATARI YA NYUMA YA KABATI

Nawaomba mlisome hili vizuri, hasa ninyi mafundi wa umeme wa viwandani mnaodhani umeme ni ule ule. Ndani ya televisheni ya rangi ya zamani umeme unaofika katika chupa ya picha ni kama volti 25,000. Na chupa ile inaweza kuuhifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mtu anafungua akijua amezima, anagusa ule mfuniko wa mpira ubavuni mwa chupa, anarushwa. Wapo wanaoumizwa na umeme, na wapo wanaoumizwa na kule kurushwa, wakaangukia kwenye chuma au wakavunja chupa. Chupa nayo ndani haina hewa. Ikipasuka shingo au tumbo, vioo huruka.

Fundi wetu kabla ya kugusa kitu alichukua bisibisi iliyofungwa waya, ncha moja ya waya akaikaza kwenye mwili wa chuma wa televisheni, na ncha ya bisibisi akaipenyeza chini ya ule mfuniko. Tulisikia mlio mkali, pa! Mkono wake mwingine muda wote alikuwa ameuweka nyuma mgongoni. Nilimwuliza kwa nini. Akanionyesha kiganja cha kushoto: kovu jeupe toka kidole gumba mpaka kifundo. Alilipata akiwa kijana wa kujifunza kazi. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, njiani hupita moyoni, kwa hiyo fundi mwenye akili hufanya kazi kwa mkono mmoja. Miezi miwili hakushika chuma, na hapakuwa na mtu wa kumlipa siku zile.

Hapa ndipo habari ya televisheni inapokuwa habari ya chama. Mafundi wa barazani ni wafanyakazi. Vijana wanaowasaidia ni wafanyakazi. Sheria ya Kazi Namba 66/2018, ya tarehe 30 Agosti 2018, haikuwaacha nje watu wa sekta isiyo rasmi: inawagusa katika usalama na afya kazini, na katika haki ya kuunda vyama. Kijana anayeshikishwa chupa ya picha bila kuonyeshwa kwanza jinsi ya kuitoa umeme amedhulumiwa, hata kama anayemtuma ni mjomba wake. Nilizungumza na fundi juu ya jambo hilo wakati akichomea viungo. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Aliniuliza mchango ni kiasi gani kwa mwezi, nami nimejifunza kwamba anayeuliza kiasi yuko karibu.

Na mizoga je? Nimeona kwa macho yangu watoto wakipasua chupa za picha kwa mawe kandokando ya mtaro ili wapate shaba ya zile koili za shingoni. Kioo cha chupa ya picha kina madini ya risasi ndani yake. Ukikipasua na kukiacha mvuani karibu na mto ambao watu wanachota maji, umefanya ubaya usioonekana. Basi mzoga msiutupe kwenye mtaro wala korongoni. Nchi yetu ina kiwanda cha kushughulikia takataka za vyombo vya umeme huko Bugesera, kimefanya kazi tangu 2018. Kutoka kwetu ni mbali, lakini vyombo vikikusanywa pamoja, gari moja linalokwenda Kigali linaweza kuvisogeza.

HESABU YA UMEME

Vijana walileta hoja moja nzuri, na hoja nzuri haikataliwi kwa kuwa imesemwa na kijana. Walisema kabati linakula umeme. Tukatazama kibao cha nyuma: wati 120. Televisheni mpya tuliyoitaka ni kama wati 60. Tukiwasha saa tano kila siku kwa siku 30, kabati linakula uniti 18 za Cash Power, na mpya ingekula uniti 9. Kweli, ni nusu. Tukakadiria kila uniti kwa faranga 300 ili hesabu iwe nyepesi: tunaokoa faranga 2,700 kwa mwezi. Lakini ili zile faranga 320,000 zirudi kwa njia ya umeme peke yake tungehitaji zaidi ya miezi 118, karibu miaka kumi. Yule kijana aliyeleta hoja ndiye aliyemaliza hesabu ubaoni, akaweka chaki chini, akakaa.

MKUTANO

Tulikutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, watu wakiwa bado na majembe. Nilisimama kwanza mimi. Nilieleza nilivyokwenda dukani bila kutumwa, na kwamba nilikuwa nimekwisha kurudi kwa mwenye duka kumwambia aiuze kwa mwingine. Hakufurahi, na ana haki. Ulikuwa ukimya wa kutosha. Halafu mzee mmoja akasema nimekaa chini ya kosa langu kiume, tuendelee.

Tulibishana saa mbili. Wapo wastaafu waliosema kabati lisiguswe kamwe kwa kuwa ni la marehemu. Hao walijibiwa na mama mmoja mjane, ambaye jina la mumewe limo katika ukurasa wa kwanza. Alisema mumewe alichangia ili watu watazame. Hakuchangia ili ubao uhifadhiwe, na kama siku moja kioo hakitawaka, yeye wa kwanza atasema litolewe. Wapo vijana waliosema 15,000 ni kutia maji kwenye gunia. Mimi nilipiga kura nikiwa mmoja tu kati ya watu 41, na nadhani hivyo ndivyo ilivyofaa tangu mwanzo.

Tuliamua hivi. Itengenezwe, fedha isizidi 20,000, na isitoke katika sanduku la ugonjwa na misiba. Kila aliyepo alitoa 400 pale pale, tukapata 16,400. Lifunguliwe sanduku la pili, la televisheni mpya, kwa taslimu, bila mkopo. Chupa ikifa isitumike faranga nyingine hata moja: mitambo itaenda inakostahili, na sanduku la mbao litabaki ukumbini liwekwe rafu za vitabu na daftari, na televisheni mpya ikae juu yake. Na kiongozi yeyote, akianzia mratibu, asiongee bei na duka lolote kabla ya mkutano.

Fundi alikuja Jumanne. Alikuta viungo vitatu vimepasuka na kapasita mbili zimekauka. Ile aisii ilikuwa nzima. Alichukua faranga 13,500, na salio la 2,900 likaanzisha sanduku la pili. Mwenzetu wa mguu alipata msaada wake wote kama ulivyoandikwa, na sasa anatembea kwa gongo moja.

Picha imerudi. Kwenye pembe ya juu kulia kuna wekundu kidogo ambao haukuwepo zamani, na zile dakika nne za giza zimekuwa karibu tano. Kwa hiyo tunaiwasha mapema kabla ya habari, na wakati tunangoja, mama mweka hazina amepata desturi mpya: anasimama mbele ya kioo cheusi na daftari lake, anasoma kwa sauti majina ya wanaodaiwa mchango wa mwezi. Wiki iliyopita jina la kwanza lilikuwa langu.